Nilivyolipima dawati la vyuo la Ngamiani, kuanzia fomu ya mkopo hadi joho

Huduma ninayoitathmini hapa haina kibao mlangoni wala tovuti, na watu wa Ngamiani wanaiita kwa neno moja tu, "dawatini". Ni chumba cha mbele katika nyumba ya Kiswahili iliyo kwenye mojawapo ya zile barabara zetu za Tanga zinazoitwa kwa namba, ambamo mwalimu mstaafu wa sekondari na vijana sita waliokwisha kuhitimu huwasaidia watoto wa familia zisizojiweza kuomba chuo, kuomba mkopo na, jambo ambalo ndilo lililonikalisha chini kuandika, kukimaliza chuo chenyewe. Nimekuwa mteja wao, ikiwa mtu asiyelipa anaweza kuitwa mteja, tangu Julai 2022 hadi kijana wa marehemu kaka yangu alipovaa joho mwishoni mwa 2025. Miaka mitatu na ushei inatosha kuijua huduma katika siku zake za kukaribisha wageni na katika siku zake za kuchoka.

Ili nisiwapunje wala kuwapendelea, sina budi kuanza na pale nilipoanzia kweli, yaani steshenari. Kijana alimaliza kidato cha sita Mei mwaka ule na, kama wenzake wengi, akaitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mafunzo ya mujibu wa sheria, akapangiwa kambi ya Kigoma. Matokeo ya Baraza la Mitihani, NECTA, hutoka Julai, madirisha ya maombi ya vyuo na ya mkopo hufunguka katika majira hayohayo, na mwombaji mwenyewe yuko kwenye gwaride, mbali na simu yake. Mzigo humwangukia aliyebaki nyumbani. Mimi niliyekuwa karani kwa miaka ishirini na minane siogopi makaratasi, lakini mfumo wa mtandaoni ni bahari nyingine, nikaenda kwenye duka la kuchapa na kutoa nakala, nikalipa shilingi 15,000, na kijana wa pale akajaza kila kitu kwa dakika arobaini huku akiwahudumia wateja wengine watatu. Aliweka barua pepe yake mwenyewe, namba yake mwenyewe ya simu, na nywila aliyoijua yeye peke yake. Siku chache baadaye akahamia Dar es Salaam. Tanga, kama wasemavyo, ni mji wa waja leo waondoka leo, ila sikudhani msemo huo ungenipata kupitia nywila.

Jirani ndiye aliyenipeleka dawatini. Nilitarajia kukuta kompyuta. Nilikuta meza ndefu isiyo na kitu juu yake, na binti aliyeniamkia, akanipa kiti na kuniomba nitoe kila karatasi yenye jina la mtoto. Tukazipanga moja baada ya nyingine: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, matokeo ya kidato cha sita, cheti cha kifo cha baba, namba ya kaya yetu katika TASAF, mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Kisha akachukua penseli na kuanza kuzungushia herufi. Cheti cha kuzaliwa kilisema Khamis, cheti cha mtihani kikasema Hamisi. Jina la babu lilikuwa Athumani mahali pamoja na Othman mahali pengine.

"Mama, hapa Ngamiani huyu ni mtu mmoja," aliniambia, "lakini kwenye mfumo tayari wamekuwa wanne."

Huenda mtu wa bara akaliona jambo hilo dogo. Sisi wa pwani, ambao majina yetu kila karani aliyaandika kwa jinsi sikio lake lilivyosikia, na mimi nakiri kuwa katika ukarani wangu nimewaandika akina Othman wengi bila kuwauliza, tunalipa gharama ya herufi hizo mtoto anapofika mlango wa chuo. Bodi ya Mikopo hutaka cheti cha kuzaliwa na cha kifo vilivyohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na uhakiki huo hauwezi kufanywa siku ya mwisho ya maombi. Tanga ina jambo lake jingine: familia nyingi zina mguu mmoja hapa na mmoja Pemba, na mtoto aliyezaliwa Wete akakulia Makorora hahakikiwi RITA bali kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar. Nilimshuhudia mama mmoja akiambiwa hivyo mwishoni mwa Julai, wakati bado kulikuwa na muda. Pale steshenari, cheti cha mwanawe kilikuwa kimekwisha kuingizwa katika foleni isiyokuwa yake. Dawatini wana wakili anayekuja kila Jumamosi, anayeandaa viapo vya majina bila malipo. Ile akaunti ya mwanzo ilituchukua siku tisa kuiokoa, kwa simu nyingi na subira ambayo mimi nisingekuwa nayo peke yangu.

Wazee wawili wa ukoo wetu walikuwa na swali la namna nyingine kabisa. Walitaka kujua kama mkopo huo una riba, kwa kuwa zamani deni lilikuwa linaongezewa asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kutunza thamani ya fedha, na wapo watu wazima mjini humu waliowazuia watoto wao wasiombe kwa sababu hiyo. Mwalimu hakuwacheka wala hakujigeuza mufti. Aliwaeleza kwamba tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021, kwamba mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara hadi deni liishe, na kwamba mambo ya dini wamuulize sheikh wanayemwamini wakiwa na maelezo hayo mkononi. Walikwenda, wakarudi wameridhika. Nimekaa na maofisa wengi katika maisha yangu ya kazi, na wachache ningewatarajia kuitenganisha sehemu yao na isiyo yao kwa ustadi ule.

Uchaguzi wa kozi nao unastahili kuelezwa, kwa sababu ndipo pesa za maskini zinapopotea bila kelele. Tangu mwaka wa masomo 2017/18 mwombaji huomba moja kwa moja katika kila chuo, na kila chuo kina ada yake ya maombi, kwa hiyo anayerusha maombi huku na huku kwa kubahatisha hulipia kila jiwe analorusha. Dawatini kuna nakala ya mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) iliyochapwa na kuchakaa pembeni kama juzuu ya madrasani, nao huanza na hesabu kabla ya ndoto: A ni alama 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na anayetaka shahada lazima masomo yake mawili bora ya tahasusi yafikishe walau 4, kisha yawe ndiyo masomo ambayo kozi yenyewe inayataka. Kijana wetu wa EGM, yaani uchumi, jiografia na hisabati, alikuwa na C mbili na D ya hisabati. Alikuwa amenituma nimwombee vyuo sita. Wakampunguzia hadi vitatu, na D ile wakaiandikia alama ya kuuliza kwa wino mwekundu, jambo ambalo sikulielewa hadi mwaka 2024.

Siku hiyohiyo alikuwapo binti wa Mwambani, mtoto wa mvuvi, aliyesoma PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, na kupata D, E na S, ambayo iko chini ya E. Jumla ya masomo yake mawili bora ni 3. Kuna watu ambao wangemwuzia matumaini, na kuna ambao wangemfukuza. Mwalimu alimwambia, mbele ya mama yake, kwamba mlango wa shahada umefungwa kwa sasa, kwamba ufaulu wake wa kidato cha nne unampeleka vizuri kwenye stashahada ya afya, na kwamba upo pia mwaka wa masomo ya msingi wa Chuo Kikuu Huria kwa anayetaka kuirudia safari ya shahada. Mwaka ule hapakuwa na mkopo wa stashahada hiyo, na nyumbani hapakuwa na ada. Serikali ilipofungua mikopo ya stashahada kwa fani za kipaumbele mwaka 2023/24, dawatini hawakusubiri aje. Walimpigia simu wao. Sasa yuko mwaka wa tatu wa stashahada ya afya.

Kuhusu fomu ya mkopo yenyewe sina mengi. Ada ya maombi ilikuwa shilingi 30,000, mdhamini akapatikana, mwenyekiti wa serikali ya mtaa akagonga muhuri, kila ukurasa ukapakiwa, na tulipopangiwa mkopo uliofunika chakula na malazi yote lakini ada nusu tu, walituandikia rufaa yenye vielelezo na ada ikaongezwa. Kazi safi, na kusema kweli hiyo ndiyo sehemu ambayo karani mzuri angeweza kuifanya pia.

Kile ambacho karani hawezi ni karatasi wanayoiita hesabu ya siku arobaini. Mwaka ule fedha ya chakula na malazi ilikuwa imepandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na kila mtu mtaani alikuwa akiitaja elfu kumi hiyo kana kwamba iko mfukoni. Binti wa meza ndefu alinikalisha na kuniuliza mtoto atakula nini kati ya siku atakayoshuka basi na siku atakayosaini bumu lake la kwanza, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu. Nauli, godoro, ndoo, shuka, mchango wa chumba, nakala za notisi, mlo mmoja na nusu kwa siku: ilifika shilingi 412,000, na sisi tulikuwa na 260,000. Wana mfuko mdogo unaochangiwa na vijana waliopita mikononi mwao, nao walitukopesha 150,000 kwa sharti la kurudisha bumu la pili likitoka. Alirudisha. Nilimwona mtoto wa mtaa wa pili akirudi nyumbani wiki ya tatu, mwenye mkopo kamili kwenye karatasi, kwa sababu hakuna aliyemfanyia hesabu hiyo. Familia ikasema chuo kimemshinda.

Nafika sasa kwenye kukimaliza chuo. Mipango mingi ya kusaidia wanafunzi niliyowahi kuiona humsindikiza mtoto hadi stendi ya Kange, hupiga picha, na hesabu yao huishia pale. Dawatini, kila mwanafunzi hupewa mtu mmoja wa kumpigia simu katika wiki ya nne, ya nane, na baada ya kila matokeo ya muhula. Si ujumbe mfupi. Ni simu, na maswali yanajulikana: umekula nini jana, umeshajua ofisi ya afisa mikopo ilipo, nani anakaa karibu nawe darasani, somo gani halieleweki. Mwanzoni nilidhani ni maswali ya heshima tu. Katika muhula wa pili kijana wetu alifeli hisabati na takwimu, masomo mawili kwa mpigo, akapata sapu, yaani mitihani ya marudio, na mimi akanieleza kwamba mambo ni mazuri. Vijana hawawaambii shangazi zao habari za sapu. Alimwambia yule wa simu, tena si siku ya kwanza, bali baada ya kuulizwa mara ya tatu alama zenyewe ni ngapi. D ile yenye wino mwekundu ilikuwa imewatahadharisha tangu siku ya kwanza.

Walichokifanya hakikuwa hotuba. Walimtafutia mhandisi kijana wa hapa mjini aliyemfundisha likizo nzima, jioni nne kwa wiki, kwenye meza ileile ndefu. Wakamweleza tofauti kati ya sapu inayofaulu na kerio, yaani somo lililofeliwa linalokufuata mwaka unaofuata likibeba mitihani juu ya mitihani. Wakamweleza pia kwamba mkopo wa mwaka wa pili humfuata yule aliyefaulu kuendelea, na kwamba anayedisko, yaani anayeondolewa chuo kwa kufeli, hubaki na deni bila shahada, hali iliyo mbaya kuliko kutokwenda kabisa. Alifaulu yote mawili kabla chuo hakijafunguliwa. Mimi nilijua habari hizo mwaka 2024, yeye mwenyewe aliponisimulia huku akicheka, nami sikucheka.

Wazo hili la kumfuata mwanafunzi ndani ya chuo limepimwa kwingine kwa vipimo vikali. Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilianzisha mwaka 2007 mpango uitwao ASAP kwa wanafunzi wa kipato cha chini katika vyuo vyake vya miaka miwili: mshauri mwenye wanafunzi wachache wa kuwafuatilia, msaada wa vitabu, tiketi ya treni na basi ya bure, na sharti la kusoma kwa muda wote. Taasisi ya utafiti ya MDRC iliwagawa wanafunzi kwa bahati nasibu, wengine ndani ya mpango na wengine nje, na baada ya miaka mitatu asilimia 40 ya waliokuwa ndani walikuwa wamehitimu, dhidi ya asilimia 22 ya walioachwa katika huduma za kawaida. Tiketi ya treni inafanana sana na godoro na ndoo ya hesabu ya siku arobaini, na mshauri yule anafanana na simu ya wiki ya nne. Tofauti ni kwamba kule kuna bajeti ya jiji, na huku kuna vocha za simu zinazonunuliwa kwa michango.

Sasa lawama zangu, nazo si za kupamba tathmini.

Ya kwanza ni faragha. Ile meza ndefu ambayo nimeisifu ni meza ya watu wote. Cheti cha kifo cha kaka yangu kilikaa juu yake wazi kwa muda wa saa nzima, na watu wanne waliokuwa wakisubiri zamu walijua kabla ya magharibi kuwa sisi ni kaya ya TASAF. Katika mtaa kama wetu, ambako habari hutangulia kufika nyumbani kabla ya mwenyewe, hilo linauma. Najua mama mmoja wa Mikanjuni aliyeona hali hiyo mlangoni, akageuza na mwanawe, akarudi steshenari ambako angalau hakuna anayemsikiliza mwenzake. Nimewaambia waweke pazia na meza ya pili. Pazia limewekwa mwaka jana. Meza ya pili bado, na pazia lenyewe huwa limefungwa pembeni kwa sababu ya joto.

Ya pili ni saa zao. Hufungua Jumanne na Alhamisi baada ya alasiri, na Jumamosi kutwa. Kwa mtoto wa Ngamiani au Chumbageni hakuna tatizo. Kwa msichana wa Tongoni anayetegemea gari la kurudi kabla ya giza, jioni mbili za wiki ni kama hazipo, na Julai Jumamosi ina foleni inayofika barazani kwa jirani. Idadi ya wasichana ninaowaona pale ni ndogo kuliko ya wavulana, na sidhani sababu ni alama.

Ya tatu ndiyo nzito zaidi, na mwalimu mwenyewe hupinga ninapoitaja. Wanaanza kwa kuchelewa. Majina yaliyopishana huanzia darasa la saba na hujikita kwenye usajili wa mtihani wa kidato cha nne. Tahasusi isiyofaa huchaguliwa katika kidato hichohicho. D ya hisabati haikuzaliwa kidato cha sita. Kazi nyingi wanayoifanya Julai kwa jasho ingefanyika kidato cha tatu kwa saa mbili, kwa kuwatembelea watoto wakiwa na vyeti vyao mkononi katika shule zetu za sekondari. Jibu lake ni kwamba watu ni sita na shule ni nyingi. Nalikubali kama maelezo ya kwa nini haijafanyika, silikubali kama sababu ya kutoanza na shule moja.

Kuna na kijambo kidogo cha hulka: vijana wawili kati ya wale sita hulizungumzia shahada kana kwamba stashahada ni adhabu. Mwalimu hana tabia hiyo, lakini siku ambayo hayupo mtoto mwenye alama 3 anaweza kutoka pale akiwa ameinamisha kichwa.

Kwa upande wa gharama, sijalipa huduma. Nimelipa nakala kwa shilingi 100 kwa ukurasa, ada rasmi zinazokwenda mahali pake kwa namba ya malipo, na kahawa ambayo muuzaji wa pembeni huileta bila kuulizwa. Ukitaka kunilazimisha nitoe alama kama za mtihani, maombi na mkopo nitawapa B, kumfuatilia mwanafunzi chuoni A isiyo na shaka, faragha D, na D hiyo nayo naiandikia alama ya kuuliza kwa wino mwekundu.

Anayekusudia kwenda aende Mei, wiki ambayo mitihani ya kidato cha sita inakwisha, kabla mtoto hajapanda basi la kambini, na amchukue mtoto mwenyewe. Abebe cheti cha kuzaliwa halisi, si nakala, na cha kifo kama kipo, vyeti vyote vya shule hata kile cha darasa la saba, picha za pasipoti, kitambulisho cha NIDA cha mdhamini, na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtoto, ambayo ataendelea kuitumia miaka mitatu ijayo. Namba hiyo ndiyo watakayoipigia wiki ya nne.